SOMO LA SAMAKI WA BWAWA: Mbona samaki wetu hawakui?

Msomaji, somo hili ni la samaki mdogo wa mito yetu, ndiye tilapia. Wewe uliye na bwawa, lisome mpaka mwisho. Wewe usiye na bwawa bado, lisome kabla hujashika jembe, kwa maana kuchimba bwawa ni kazi ya majuma machache, lakini kulitawala ni kazi ya kila siku.

Watu wa Sanga na wa vijiji vyote vya Kamina wanajua thamani ya samaki. Sisi hatukai kando ya maziwa ya Upemba. Wenzetu wa Bukama, wa Kinkondja na wa Malemba-Nkulu wanavua katika Lualaba na katika maziwa yake, nasi twanunua samaki wao waliokaushwa kwa moshi au kutiwa chumvi. Reli ya Bukama ilipofika Ilebo mwaka 1928, ikapita hapa kwetu Kamina, na tangu hapo samaki wakapata njia ya kwenda mbali. Lakini samaki aliyesafiri ni samaki wa bei kubwa. Mara nyingi mama hugawa samaki mmoja mkavu kwa watoto wanne, na bukari inabaki nyingi kuliko mboga.

Ndiyo sababu watu wengi walichimba mabwawa. Na ndiyo sababu yafaa tuulize: mbona mabwawa mengi yamejaa samaki, lakini sufuria ni tupu?

1. NI SAMAKI GANI?

Tilapia ni jamii kubwa. Kwa mabwawa ya Katanga, wawili ndio waliojulikana sana.

Wa kwanza ni mla majani. Zamani wataalamu walimwita Tilapia melanopleura. Leo jina lake katika vitabu ni Coptodon rendalli. Hula majani laini ya majini, nyasi, majani ya mihogo na ya viazi vitamu. Tumbo lake na kifua chake mara nyingi huwa na wekundu.

Wa pili ni mla utelezi. Zamani aliitwa Tilapia macrochir, na leo ni Oreochromis macrochir. Hula vijimea vidogo sana, vile vinavyofanya maji kuwa ya kijani, na utelezi unaoshika mawe na matope.

Wote wawili ni wenyeji wa nchi yetu. Wanakaa katika maji ya Lualaba na ya Luapula, na tena katika mto Zambezi. Hawakuletwa kutoka ng'ambo. Kila kabila lina jina lake kwa samaki hawa. Waulize wavuvi wazee, kisha andika jina la kwenu pembeni ya ukurasa huu, usije ukalisahau.

Angalia jambo hili: mmoja anakula majani, mwingine anakula utelezi. Kwa hiyo ukiwaweka pamoja hawanyang'anyani sana chakula. Ni kama kupanda mahindi na maharagwe katika shamba moja.

2. WALIANZAJE KUFUGWA?

Katika Kongo majaribio ya kufuga tilapia yalianza kabla ya vita vya pili vya dunia. Baada ya vita kazi ikashika nguvu, na kituo kikubwa cha kuchunguza samaki kikawekwa Kipopo, karibu na Élisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Huko walipima mabwawa, walihesabu samaki, wakajaribu kuchanganya mla majani na mla utelezi. Kutoka Kongo samaki hawa walipelekwa hata nchi nyingine za Afrika.

Watu wakapenda kazi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kongo yote ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Hiyo ni hesabu kubwa sana. Lakini baada ya mwaka 1960 mengi yaliachwa. Nyasi zikaota, kuta zikabomoka, maji yakarudi kijitoni. Kulikuwa na sababu nyingi: fujo za nchi, watu kuhama, waalimu wa kilimo kuondoka. Lakini sababu moja haikutoka mbali. Ilikuwa ndani ya maji yenyewe: samaki walibaki wadogo kama kidole, na mwenye bwawa alichoka.

3. UGONJWA WA BWAWA

Monitere akipita vijijini husikia maneno haya mara nyingi. Mzee mwenye bwawa humwambia:

"Mwanangu, bwawa langu limeharibiwa. Mwaka wa kwanza nilipata samaki wazuri. Sasa ni huu mwaka wa tatu, ninavua vitoto tu. Labda jirani amelitazama kwa jicho baya."

"Baba, uliwahi kulikausha?"

"Kulikausha? Hapana. Ninavua kwa ndoana. Wakubwa ninakula, wadogo ninawarudisha wakue."

"Unawalisha?"

"Ninatupa majani siku nikipata nafasi."

Hapo ugonjwa umejulikana. Si jicho la jirani. Ni watoto wengi.

Sikia sasa namna tilapia anavyozaa. Samaki wengi wa mto huzaa mara moja kwa mwaka, maji yanapojaa. Tilapia si hivyo. Katika bwawa lenye joto aweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne tu, mwili wake ukiwa mdogo bado. Kisha huzaa tena, na tena, maadamu maji yana joto.

Tena ni mzazi mwema. Mla majani huchimba mashimo katika udongo wa chini, jike hutaga huko mayai kwa maelfu, na wazazi wawili hulinda mayai na watoto. Mla utelezi hufanya kwa namna nyingine. Dume hujenga kilima kidogo cha mchanga, jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake. Huyabeba mpaka yaanguliwe, na hata baadaye, hatari ikija, watoto hurudi kujificha kinywani mwa mama. Mayai yake si mengi kama ya mwenzake, lakini wengi wao hupona.

Mtoni wema huo unafaa, kwa sababu adui ni wengi. Kuna samaki walao samaki, kuna ndege, kuna fisi maji, na watoto hupungua. Bwawani adui ni wachache. Kila anayezaliwa anaishi, na kila anayeishi anakula.

4. HESABU YA CHAKULA

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Hii ni mfano tu, ili upate kuelewa.

Bwawa lako lina urefu wa meta 20 na upana wa meta 10. Basi eneo lake ni meta za mraba 200. Tuseme chakula unachotia kinatosha kukuza kilo 40 za samaki, si zaidi.

Ikiwa samaki ni 400, kila mmoja atakuwa na gramu 100. Huyo ni samaki wa kuwekwa mezani mbele ya mgeni.

Ikiwa samaki ni 4,000, kila mmoja atakuwa na gramu 10. Huyo ni kama kidole.

Kilo ni zile zile 40. Chakula ni kile kile. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni hesabu ya vinywa. Wewe mkulima hutii konzi nzima ya mahindi katika shimo moja. Unajua kwamba yataota yote, lakini hayatazaa hata gunzi moja jema. Bwawa nalo ni shamba.

5. MTOTO NA MZEE MFUPI

Hapa pana kosa kubwa, nami nataka ulisome mara mbili.

Mwenye bwawa huvua wakubwa, akawaacha wadogo. Husema, "Hawa ni watoto, waache wakue." Lakini wengi wa hao si watoto. Ni wazee wafupi. Wana umri wa mwaka au zaidi, wamekosa chakula, mwili umesimama. Nao wanazaa kila mara. Ukiwarudisha majini umerudisha wazazi, si watoto. Na ukiwatumia kama mbegu ya bwawa jipya, umebeba ugonjwa kutoka bwawa la kale na kuutia katika bwawa safi.

Utawajuaje?

a) Mzee mfupi ana kichwa kikubwa na macho makubwa, lakini mwili ni mwembamba. Mtoto wa kweli ana mwili unaolingana na kichwa chake.

b) Ukimkamua kidogo tumboni mwenye urefu wa kidole, akatoa mayai, au ukikuta mayai kinywani mwake, huyo ni mzazi.

c) Watoto wa kweli huogelea kwa kundi ukingoni, wote kipimo kimoja, walipo maji machache yenye joto. Wachukue hao kwa wavu wenye matundu madogo.

6. DAWA

Dawa ni kutawala hesabu. Fuata mambo haya sita.

Kwanza, bwawa likaushike. Bwawa lisiloweza kukaushwa si shamba, ni shimo la maji. Chagua mahali penye mteremko mdogo, chini ya chemchemi au kijito, udongo uwe wa mfinyanzi. Ondoa nyasi na mizizi kabla ya kujenga ukuta, kwa maana mizizi ikioza maji hupita. Kina kiwe nusu meta upande maji yanapoingilia, na meta moja au zaidi kidogo upande wa ukuta mkubwa. Weka bomba la mwanzi au la chuma chini kabisa ya ukuta, kwa kutoa maji. Mdomo wa kuingilia na wa kutokea uwe na kichungio, ili samaki wa mtoni wasiingie na wako wasitoke.

Pili, hesabu mbegu. Tia samaki mmoja au wawili kwa kila meta ya mraba. Bwawa la meta za mraba 200 latosha samaki 200 mpaka 400. Wahesabu mmoja mmoja, usikadirie kwa ndoo. Wawe wa kipimo kimoja.

Tatu, angalia majira. Tilapia hapendi baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hukua kidogo sana au hakui kabisa. Kwetu uwandani, baridi huja mwezi wa sita na wa saba. Kwa hiyo tia mbegu mvua zinapoanza, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kisha vua mwezi wa nne au wa tano kabla ya baridi. Hiyo ni miezi sita. Lakini chemchemi yako isiwe ya kukauka, maana utataka maji ya kujaza tena.

Nne, lisha kila siku. Majani ya mihogo, ya viazi vitamu na nyasi laini ni ya mla majani. Pumba za mahindi, machicha ya pombe na mchwa wanafaa kwa wote wawili. Kwa mla utelezi fanya hivi: katika kona ya bwawa piga vijiti, fanya ua mdogo, ujaze humo samadi ya mbuzi au ya kuku na majani makavu. Mbolea hiyo huoza taratibu, na maji huwa ya kijani. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukiona vidole vyako vizuri, chakula cha majini ni kidogo, ongeza mbolea. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, acha kutia kwa siku chache. Asubuhi samaki wakija juu wakihema kwa vinywa, hewa imepungua majini: simamisha mbolea na ingiza maji mapya.

Tano, vua wote. Miezi sita ikitimia, toa maji taratibu, weka kikapu penye bomba, ukusanye samaki wote mpaka wa mwisho. Watenge mafungu matatu. Fungu la kwanza ni wakubwa: ni wa kuuza na kula. Fungu la pili ni watoto wa kweli wa kipimo kimoja: watie katika kijibwawa kidogo wangoje, ndio mbegu yako. Fungu la tatu ni wazee wafupi na mabaki yote: hawa hawarudi majini kamwe. Wakaushe juani au kwa moshi, uwale wazima na mifupa yao, kama tunavyokula ndagala. Usiwadharau. Mifupa midogo inajenga mifupa ya watoto, na inafaa sana kwa mama mwenye mimba na kwa mama anayenyonyesha. Ukiwasaga wakawa unga, kijiko kimoja ndani ya uji kinamsaidia mtoto aliyeacha ziwa. Basi bwawa halina samaki wa kutupwa. Lina samaki waliokaa mahali wasipopaswa.

Kisha acha bwawa likauke mpaka matope yapasuke. Hivyo vitoto vilivyojificha katika matope vinakufa, na udongo unapata nguvu.

Sita, tia mlinzi. Mtoni hesabu inatunzwa na samaki walao samaki. Waweza kufanya vivyo bwawani kwa kutia kambale wachache. Lakini ngoja tilapia wako wakue kwanza, ndipo utie kambale walio wadogo kuliko wao. Ukitia kambale mkubwa siku ile ile ya mbegu, atakula mbegu na jasho lako lote.

7. KWA ALIYEENDELEA

Yule aliyezoea kazi aweza kufuga madume peke yao. Dume hukua upesi kuliko jike, na pasipo majike hakuna watoto.

Mshike samaki mwenye urefu wa sentimeta 10 au zaidi, umgeuze tumbo juu. Mbele ya pezi la chini utaona tundu la kinyesi, na nyuma yake kinundu kidogo. Kinundu cha dume kina tundu moja tu, penye ncha. Cha jike kina matundu mawili: moja dogo sana penye ncha, na katikati mpasuo mwembamba uliokingama, ndipo yatokapo mayai. Basi kwa jumla dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Ukipaka wino kidogo, mpasuo utaonekana vizuri. Fanya upesi kwa mikono iliyoloa maji, usiwakaushe magamba.

Kazi hii yataka macho mazuri na saburi. Jike mmoja akipita katikati ya madume, utakuta watoto.

8. MAKATAZO

Usiloweke mihogo michungu bwawani wala katika kijito kinachoingia bwawani. Sumu ya mihogo hutoka ndani ya maji, na samaki hufa.

Usitumie utupa kuvua, hata katika mto wa juu. Utupa huua wakubwa na watoto pamoja, na maji yake hushuka kwa jirani.

Usiache nyasi ndefu ukingoni. Konokono wadogo wanaobeba ugonjwa wa kichocho hukaa humo, na mbu pia. Kata nyasi, na ukataze watoto kukojoa na kuoga bwawani.

Usitie samaki wa nchi za mbali bila kuuliza kwa watu wa kilimo. Leo wauzaji wengi husifu tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus, kwa sababu hukua upesi. Ni kweli anakua. Lakini bwawa likibomoka naye akaingia mtoni, huzaana na mla utelezi wetu, na damu ya mwenyeji hupotea. Jambo hilo limekwisha kutokea katika mto Kafue nchini Zambia, ambako tilapia wa Nile waliotoroka mabwawani walichanganyika na wenyeji. Mla utelezi sasa amewekwa katika hesabu ya samaki walio hatarini. Naye ndiye samaki wa baba zetu.

9. MAULIZO

1. Taja chakula cha mla majani na cha mla utelezi. Kwa nini wafaa kukaa pamoja?
2. Tilapia huanza kuzaa akiwa na miezi mingapi?
3. Bwawa lina urefu wa meta 15 na upana wa meta 10. Utatia mbegu ngapi kwa uchache, na ngapi kwa wingi?
4. Jirani anakupa ndoo ya samaki wadogo, anasema ni mbegu. Utatazama nini kabla ya kupokea?
5. Kwa nini si vema kuvua wakubwa tu na kuwaacha wadogo?
6. Samaki wa fungu la tatu watafanywa nini?
7. Kwa nini twavua kabla ya mwezi wa sita?

KAZI YA NYUMBANI. Nenda kwenye bwawa lako au la jirani yako, uvue kwa wavu samaki ishirini walio wadogo. Watenge: watoto upande huu, wazee wafupi upande huu. Andika hesabu. Wazee wakizidi watoto, usingoje mwaka mwingine. Ita ndugu na majirani, toeni maji, mkaanze upya.